Shuka la Mwanatumu

Sifa za hariri, mzigo wa pamba.

Mmeisikia sasa hivi kule jikoni, shangazi yenu Siwema alipoketi juu ya sufuria lililopinduliwa, macho mekundu kwa moshi, huku ukumbini wageni wakimsifu bi harusi kwa pilau ambayo bi harusi mwenyewe hakuikoroga hata kwa kijiko. Aliisema kama mtu anayejisemea, nanyi mkacheka, kisha mkaja huku kuuliza imetoka wapi. Basi kaeni. Msemo huu ulizaliwa namna hii, na atakayewaambia ulizaliwa namna nyingine, mwulizeni kama alikuwepo. Mimi pia sikuwepo, lakini nimemtangulia kusimulia.

Palikuwa na mji ukiitwa Mtandeni. Msisumbuke kuutafuta, mvua zimekwisha kuula. Ulikuwa mji wa mawe na vichochoro vyembamba, na kazi yake ilikuwa moja, kufuma nguo. Nyuzi ziliwambwa ukuta hadi ukuta kutwa nzima, hata mbuzi wa Mtandeni wakawa wanazaliwa wakijua kuinama, na mgeni alitambulika kwa alama ya uzi shingoni.

Nguo, kama hamjui, ina nyuzi za namna mbili. Kuna zile za urefu, zinazowambwa kwanza na kuvutwa mpaka zilie kama zeze. Huo ndio mtande. Kisha kuna zile za kukingama, zinazopita zikiingia na kutoka. Huo ndio mshindio. Mtande hubeba, mshindio hupamba. Mafundi wa Mtandeni walitanda pamba, wakashindia hariri, na ile hariri waliikaza na kuisukuma juu mpaka pamba ikajificha chini kabisa. Mtu akiitazama nguo kwa nje aliona hariri tupu, inang'aa, laini hata inzi akitua huteleza akavunjika mguu. Pamba ilibaki ndani, upande wa ngozi.

Hariri yenyewe haikupatikana Mtandeni. Ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa nguo tayari, na wanawake wakaketi wakaifumua uzi mmoja mmoja ili wanaume waifume upya. Lakini uzi uliokwisha kufumwa ukafumuliwa ni uzi uliochoka. Ukiupitisha kukingama, utakaa, kwa kuwa pale hauvutwi. Ukiutanda, utakatika. Pale mjini jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu tangu hajaota meno, nao walikuwa na neno lao: uzi uliochoka hautandwi.

Lakini aliyechoka kuliko wote Mtandeni hakuwa uzi.

Alikuwa mwanamke, jina lake Mwanatumu, mke wa Shaibu, na Shaibu ndiye aliyekuwa mfumaji bora wa mji. Shaibu alifuma hariri, Mwanatumu alisokota pamba. Yeye ndiye aliyeichambua mbegu, akaipiga kwa uta mpaka ikafura kama povu la maziwa, akaivuta na kuisokota kwa kijiti chake, siku baada ya siku, mpaka vidole vikawa vigumu hata akawa anageuza mkate juu ya moto bila kuusikia. Uzi wake ulikuwa na sifa moja. Ukimfungia mbuzi, mbuzi yule atakua, atazaa, atakufa kwa uzee, na uzi utamfunga mwanawe.

Nguo ikishakamilika, kabla mwenyewe hajaivaa, desturi ya Mtandeni ilikuwa kuitaja. Mpiga mbiu alipanda barazani akapaza sauti: "Hii ni hariri ya ng'ambo! Rangi yake rangi ya komamanga! Mkono wake mkono wa Shaibu!" Na watu wakaitikia: "Hariri! Hariri!" Mwanatumu aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia, na pamba ya nguo ijayo mapajani. Hakukasirika. Hasira nayo inataka nguvu.

Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umeuacha kitandani. Aliamka nao, akaunawisha uso, akaunywesha uji, akaenda nao kazini. Na mwaka ambao jumbe mzee wa Mtandeni alianza kuugua, alimwambia mumewe, "Shaibu, joho la jumbe ajaye ndilo la mwisho. Nikisha kulisokotea uzi wake, kile kijiti nakitia jikoni kipike uji."

"Na mimi nitatanda nini, mama?"

"Tanda ndevu zako."

Akacheka Shaibu. Lakini Mwanatumu hakuwa akitania. Kwa miaka alikuwa akiweka kando mabaki ya pamba, konzi kwa konzi, akayasokota, akamwomba Shaibu amfumie shuka moja jeupe lisilo na urembo wowote. Bi Mize, jirani yake, alipouliza ni la nini, Mwanatumu alimjibu, "Mji mzima nimeusokotea nguo za kuishi. Moja ya kufia nimejisokotea mwenyewe."

Jumbe mzee akafa, Mungu amrehemu, na wazee wakamchagua mpwa wake, Kimweta. Lakini kuchaguliwa hakukutosha. Mtandeni jumbe alikuwa si jumbe mpaka aubebe mji. Siku ya kutawazwa alivaa joho jipya, akainama katikati ya kiwanja, na mtu mkongwe kuliko wote mjini, awe mwanamume au mwanamke, akapandishwa mgongoni kwake. Jumbe alimzungusha kiwanja kizima mara moja. Akimaliza, ni jumbe. Akimwangusha njiani, alirudi kwao akalime mihogo, na wazee wakatafuta mwingine.

Kimweta alikuja mwenyewe bandani kwa Shaibu kuagiza joho. Alikuwa kijana wa kiwiliwili kizuri, na alilijua hilo. Nyuma yake walifuata Mwalimu wa chuo cha Kurani na wazee wawili.

"Fundi Shaibu, nataka joho la hariri."

"Litakuwa la hariri, Jumbe. Kama la marehemu mjomba wako."

"Marehemu mjomba alivaa pamba iliyopakwa hariri. Nimeligeuza joho lake nikaliona ndani. Mimi nataka hariri nje na hariri ndani. Mtande hariri, mshindio hariri."

Mwalimu akakohoa kidogo, akakumbusha kwamba hariri tupu si vazi la mwanamume, na kwamba ile pamba ya upande wa ngozi ilikuwa na maana yake.

"Kikohozi hicho, Mwalimu, kakinyweshe asali," akasema Kimweta. "Kwani jumbe ni mwanamume wa kawaida?"

"Jumbe," akasema Shaibu polepole, "hariri tuliyo nayo ni ya kufumua."

"Kama haitoshi nitaleta mapazia ya nyumbani na mitandio ya mama zangu, mfumue hayo."

"Si kwamba haitoshi, Jumbe. Ni kwamba..."

"Pamba ni utambi wa taa na sanda ya maiti. Mimi siupokei mji nimevaa cha maiti." Kimweta akaangaza macho ndani ya banda, kutoka dari hadi sakafu. "Banda hili ni mali ya jumbe, sivyo? Na kile chumba cha nyuma mwakaa kwa hisani. Joho likinipendeza, kaeni mpaka mchoke. Likinitia aibu, nina mbuzi wengi hawana pa kulala."

Nyuma ya pazia, Mwanatumu alisikia yote. *Kaeni mpaka mchoke.* Nusura acheke.

Wageni walipoondoka Shaibu aliingia ndani, asimtazame. "Umesikia?"

"Nimesikia. Pamba haitakiwi."

"Basi pumzika, mama."

Mwanatumu akafurahi. Kisha ile furaha ikamchoma mahali fulani, asijue ni wapi. Alitazama mgongo wa mumewe, na neno likamjia mpaka ncha ya ulimi: uzi uliochoka hautandwi. Lakini alijua safari ya neno lile. Akilisema, itabidi wabishane. Wakishabishana, itabidi Shaibu amfuate Jumbe. Na Jumbe akikubali, mwisho wa yote yeye Mwanatumu ataketi chini, avute kikapu cha pamba, aanze tena. Akalimeza. Akaenda kulala.

Na alilala! Watu wa Mtandeni waliapa kwamba kuku alitaga chini ya kitanda chake, akaatamia, akaangua, akawatoa vifaranga nje, na Mwanatumu hajageuka ubavu. Kitanda chenyewe kilikuwa cha kamba za usumba wa nazi, na kamba zikimkwaruza, akalitoa lile shuka lake jeupe sandukuni, akalitandika.

Bi Mize akaingia kumjulia hali, akashika kifua. "We Mwanatumu! Unalalia sanda?"

"Naijaribu, shoga. Isije ikawa inawasha. Huko hakuna wa kumrudishia."

"Haya maneno si mazuri!"

"Mazuri yamenichosha. Funga mlango ukitoka."

Lakini usingizi wa mtu mwenye jambo rohoni una tundu. Kila akizama, sauti ilimfikia kutoka bandani kupitia ukuta: *tak*. Uzi wa mtande umekatika. Kimya, Shaibu anaunga. Kisha *tak* tena. Alimsikia mumewe akivuta pumzi puani kama punda anayepanda mlima. Baadaye akasikia harufu ya uji wa mchele, na akajua kwamba haukuwa wa kunywa. Shaibu alikuwa akiupaka mtande uji, ukikauka uzi unasimama wima, kama babu aliyepaka ndevu hina akaenda kuposa.

Angeweza kuinuka. Alijua. Alijigeuza upande wa pili.

Joho likaisha. Lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Lilikuwa na rangi ya komamanga, na taraza ya manjano pembeni, na lilipowekwa sakafuni lilisimama lenyewe bila mtu ndani. Watu wakasema ni heshima ya hariri. Ulikuwa uji wa mchele.

Siku ya kutawazwa jua lilikuwa kali la kupasua nazi. Mwanatumu hakwenda. Alisema miguu imemkataa. Akiwa amelala juu ya shuka lake alisikia ngoma, akasikia mbiu, akasikia mpiga mbiu akilitaja joho, hariri ya nje, hariri ya ndani, na mji mzima ukiitikia: "Hariri! Hariri!" Kisha kikapita kimya. Kisha ikasikika sauti ya watu wengi wanaocheka ilhali wanajua hawafai kucheka.

Mambo ya kiwanjani yalikwenda hivi. Mkongwe wa mji siku hizo alikuwa Mzee Pongwa. Uzee ulimchukua meno na nywele, tumbo ukamwachia lote. Kimweta alikuwa amesimama juani kwa muda mrefu akisifiwa, na jasho limemlowesha mgongo, na uji wa mchele ukishalowa hurudi kuwa uji. Akainama. Wakampandisha Mzee Pongwa, naye akatafuta mahali pa kushika, akashika joho mabegani. Kimweta akanyanyuka. Mtande ukaachia kutoka ukosini hadi kiunoni, na Mzee Pongwa akashuka chini taratibu kama ndoo kisimani, mgongo mzima wa joho mikononi mwake, akisema, "Jamani, nakwenda. Jamani, nimefika."

Wazee wakakaa faraghani. Wengine walisema kwisha, akalime mihogo. Wengine walisema hajapiga hatua hata moja, basi hajaanza, na asiyeanza hajashindwa. Wakakubaliana kumpa nafasi mpaka adhana ya alasiri. Akipata joho la kumbebea mkongwe, atabeba. Asipopata, basi. Na Kimweta, kanzu mwilini na matambara ya hariri begani, alimtazama Shaibu mbele ya watu wote, akasema, "Mbuzi wangu watalala pazuri leo."

Shaibu akaingia chumbani kwake akiwa ameishiwa damu usoni.

"Mwanatumu, amka."

"Nani kafa?"

"Joho."

"Joho lilikufa siku ulipolitanda," akasema Mwanatumu bila kufumbua macho. "Leo limezikwa tu."

Shaibu akaketi sakafuni. "Ulijua?"

"Nawe ulijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimechoka, Shaibu. Wewe mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Basi mmoja kachoka, mwenziwe kaogopa, nguo ikafumwa kati yetu. Tumlaumu nani? Inzi?"

Huko nje ngoma zilikuwa zimeachwa, na mtu mmoja alikuwa akipiga hadithi ya Mzee Pongwa kwa waliochelewa, kila akiirudia mzee anaangukia mbali zaidi.

"Tufunge vitu," akasema Shaibu. "Tufungue kitanda cha kufumia, tuondoke kabla hajaja kutufukuza. Hatutakosa mji wa kutupokea."

Mwanatumu akafumbua macho. Aliikumbuka safari iliyowaleta Mtandeni, wakiwa vijana, mihimili ya kitanda cha kufumia juu ya kichwa chake na mimba tumboni ambayo haikufika mwisho wa njia. Wakati ule alikuwa na miguu. Alitazama miguu aliyo nayo sasa, iliyolala juu ya shuka jeupe kama vitu vya mtu mwingine. Nyumba hii ilikuwa chumba kimoja chenye ufa, lakini ndipo mahali alipokwisha kuamua kuchokea.

"Sina miguu ya kuhama," akasema. "Pamba ipo?"

"Ipi? Tumeigawa yote, watu wamefanyia tambi za taa. Na hata ingekuwepo, nani atasokota, atande, afume kabla ya alasiri?"

"Sikuuliza kufuma. Nimeuliza pamba."

Mwanatumu akaupitisha mkono juu ya shuka alilolilalia, akalipapasa kama mtu anavyompapasa paka kabla ya kumtoa kitini. Alijua ni konzi ipi ya pamba iliyoingia upande upi. Hapa palikuwa na mabaki ya nguo za harusi ya bintiye Bi Mize. Hapa, ya kilemba cha jumbe marehemu.

"Niinue," akasema.

Wakatandika shuka chini kwenye ukumbi wa msikiti, wakalilaza joho lililopasuka juu yake, hariri ikaunganishwa ilivyoweza, na Mwanatumu na Bi Mize wakaanza kushona, kutoka ukosini kushuka, sindano ikizama katika hariri na kutokea katika pamba. Bi Mize alishona akilia kidogo. Mwanatumu alishona akipiga miayo.

Kimweta alisimama juu yao, akibadilisha mguu. "Hiyo nini?"

"Bitana, Jumbe."

"Bitana ya nini?"

"Ya pamba."

Akakunja uso, akatazama jua lilipo, akakunjua. "Pamba ya wapi?"

Shaibu alifungua kinywa, lakini mkewe akamwahi. "Ya kitandani kwangu, Jumbe. Safi."

Bi Mize akaziba kinywa kwa upindo wa ukaya wake wa kichwani, mabega yakamtetemeka, na mpaka leo haijulikani kama alikuwa bado analia. Mwalimu wa chuo akapita akatazama ndani ya joho, akaona pamba upande wa ngozi, akasema alhamdulillahi, akaenda zake. Kikohozi kilikuwa kimepona.

Wakamvisha. Wakamleta tena Mzee Pongwa, aliyekuwa amekwisha kupewa maji ya ukwaju na sifa nyingi, akiwa hana haraka hata kidogo.

"Mara hii nishike wapi, Jumbe?" akauliza kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima. "Shingo au hariri?"

"Shika popote, babu."

"Popote nilishika asubuhi."

Akapandishwa. Akapapasa mabegani, akakunja vidole mpaka akaifikia ile pamba ndani, akaikamata. Kimweta akanyanyuka. Watu wakaziba masikio wakingoja mlio. Hakuna kilicholia. Hatua ya kwanza, ya pili, jasho likamwagika, hariri ikajikunja na kuteleza huku na huku, shuka likakaa. Naye akaenda, amebeba mzee na tumbo lake, kiwanja kizima. Watu walipoona jua linavyowaka juu ya ile rangi ya komamanga, wakasahau yote ya asubuhi. Wakapiga vigelegele. "Hariri! Hariri!"

Na Mzee Pongwa, akiwa kule juu, ameshika kwa nguvu, akawajibu: "Sifa za hariri, mzigo wa pamba! Nyie pigeni kelele. Mimi najua nimeshika nini!"

Watu wakaangua kicheko, na neno likabaki.

Mwanatumu alilisikia akiwa amekwisha kuufikia mlango wake. Hakugeuka. Aliingia akajitupa kitandani, kamba za usumba zikampokea mbavu. Bi Mize akamfuata na mto.

"Umewaokoa, shoga. Na hakuna aliyekutaja."

"Waache," akasema Mwanatumu. "Lililoniudhi si hilo. Sasa hata kufa siwezi, mpaka nisokote jingine."

Kile kijiti kilikuwa bado kipo pembeni mwa jiko, hakijatiwa motoni. Kesho yake akakichukua.

Na ndivyo alivyosumbuliwa na uhai. Kila pamba ya shuka lake ilipokaribia kutosha, alitokea mtu. Mara ni bi harusi amepungukiwa na kitambaa cha upana wa mkono, mara ni mfumaji mtande wake umekatikia katikati. Walikuja mlangoni wakisimama kwa adabu, wakisema, "Shikamoo bibi, kidogo tu." Naye akapiga mwayo, akawapa, akaanza upya. Shaibu akatangulia, akamlilia. Bi Mize akatangulia. Mzee Pongwa alikufa kwa kicheko, asema mwenye kusema. Jumbe Kimweta alitawala, hakuwa mbaya kuliko wengine, akazeeka, akafa, akavikwa pamba kama watu wote.

Wazee wakamchagua jumbe mwingine, kijana mwenye mabega mapana na maneno machache. Wakauliza: ni nani mkongwe wa mji? Wakatazamana. Kisha wakaenda kubisha mlango wa chumba cha nyuma ya banda.

Walimtoa kwa kiti. Alikuwa amekauka, mwepesi kama konzi ya pamba isiyosokotwa. Jumbe kijana akainama mbele yake, na Mwanatumu akalishika joho ukosini, akaligeuza, akachungulia ndani.

"Mtande wa nini huu?"

"Wa pamba, bibi. Uzi wako mwenyewe."

"Haya," akasema. "Twende."

Akapandishwa. Ngoma zikaanza, na mji ukaitikia kama ulivyozoea: "Hariri! Hariri!" Jumbe akapiga hatua za kwanza. Mwanatumu akaona mapaa ya Mtandeni yakipita, ambayo hakuwahi kuyaona kwa juu, akaona miguu yake ikining'inia bila kugusa ardhi, na ardhi inakwenda yenyewe. Akaegemeza shavu kwenye ile hariri. Kabla hawajafika nusu ya kiwanja alikuwa amelala, na usingizi ule haukuwa na tundu.

Wa kwanza kuona alikuwa mpiga ngoma. Akaiinamisha mikono. Kelele zikafa, safu kwa safu, mpaka zikasikika nyayo za Jumbe peke yake juu ya mchanga, na mkoromo mdogo. Akaumaliza mzunguko. Amekwisha kuwa jumbe. Akasimama mbele ya wazee, hathubutu kunyooka, akanong'ona, "Nimshushe?"

Wazee wakatazamana.

"Ongeza mzunguko," wakasema.

Akaongeza. Na mwingine tena akaongeza. Wapo wanaosema alizunguka mpaka adhana ya magharibi, na siku ile ndiyo mara ya kwanza hariri kuujua uzito wa pamba.

Hayo ndiyo yalikuwa. Sasa inukeni. Wageni wanakaribia kuondoka na sifa zao, na masufuria bado yana ukoko. Mkifika jikoni mkamkuta shangazi yenu Siwema amesinzia pale alipoketi, msimwamshe. Lile alilokalia liacheni la mwisho, yaliyobaki yaosheni kimyakimya.

Sifa za hariri, mzigo wa pamba.